Betri ya Leo Si Ile ya Jana

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Meru na Embu. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Katibu wa kikundi ayasome polepole mkutanoni, halafu mjadili maswali yaliyo mwishoni.)



Hebu tuanze na swali. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kuanika mawe ya redio juani? Mnacheka, lakini wote tulifanya. Mawe yakianza kulegea na sauti ya redio ikiwa kama ya mtu aliye ndani ya kisima, mama alikuwa akisema, "Panda uyaweke juu ya mabati." Jioni unayateremsha, redio inaimba tena kidogo, na baba anasikiliza taarifa ya habari.

Hayo ndiyo mazoea tuliyolelewa nayo. Baadaye ikaja betri ya gari ya kuwasha televisheni, ikaja na mazoea yake. Ikaja ya sola, nayo vilevile. Sasa imekuja betri ya pikipiki ya umeme, na hata ya gari la umeme. Shida yetu ni kwamba betri inaondoka na mazoea yanabaki. Tunaichukua ya leo na kuitunza kama ile ya jana. Hapo ndipo pesa za kikundi zinapopotea.

KISA CHA KIKUNDI KIMOJA

Kuna kikundi tunachokitembelea, hatutakitaja jina. Wanachama walichukua mkopo wakanunua pikipiki ya umeme ya kubeba maziwa asubuhi na ndizi mchana. Betri yake waliinunua, ikawa mali yao, na huchajiwa nyumbani kwa mmoja wao. Miezi ya kwanza kila mtu alifurahi. Hakuna tena kukimbilia petroli. Kijana anayeiendesha alikuwa anaenda sokoni na kurudi mara 2 kabla ya kuchaji.

Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, safari ya pili ikaanza kumshinda. Pikipiki inamfikisha sokoni, lakini kurudi inabidi asukume kwenye mlima. Akina mama wakaanza kunong'ona kwamba kijana huyo anaitumia usiku kwa shughuli zake. Mkutano ukawa mkali. Mkopo ulikuwa bado haujaisha kulipwa.

Walituita tuwapatanishe. Tulipofika tuliomba tuonyeshwe mahali betri inapochajiwa. Ni stoo ndogo ya mabati, imepakana na jikoni. Saa sita mchana mtu hawezi kukaa mle. Kijana alikuwa akirudi kutoka mlimani, betri ikiwa ya moto, anaichomeka hapo hapo. Ikijaa inabaki imechomekwa. Jumamosi jioni inachomekwa, inatolewa Jumatatu asubuhi. Na kila siku alikuwa anaiendesha mpaka izime yenyewe, kwa sababu alisikia ati betri lazima imalizwe kabisa ndipo ichajiwe vizuri.

Tukamuuliza ni nani alimwambia aiache imechomekwa. Akamtazama mweka hazina, mzee anayeheshimiwa sana. Mzee akasema bila kuficha, "Ni mimi. Mlitufundisha ninyi wenyewe. Mlisema betri ikae ikiwa imejaa wakati wote."

Wapendwa, mzee alisema kweli. Sisi wenyewe tulikuwa tumefundisha hivyo katika semina za sola, miaka mingi iliyopita. Tulichofundisha kilikuwa sahihi kwa betri ile. Lakini betri ilipobadilika hatukurudi kuwaambia. Siku hiyo tuliomba msamaha mbele ya kikundi, na kijana pia akaombwa msamaha. Ndiyo sababu tunazunguka na maneno haya.

TULIKOTOKA

Vijana wengine hawajui kwamba sehemu hizi zetu zina historia kubwa katika mambo ya sola. Mwaka 1984, Shule ya Sekondari ya Harambee ya Karamugi, katika Meru ya wakati huo, ilikuwa ikifikiria kununua jenereta. Mwalimu mmoja Mmarekani wa kujitolea, Mark Hankins, alikutana na mhandisi Harold Burris, aliyekuwa na kampuni iliyoitwa Solar Shamba. Shule ikaamua kuweka sola badala ya jenereta. Mwaka uliofuata shule nyingine 3 zilifungiwa, na vijana wa hapa wakafundishwa ufundi. Kutoka hapo wakulima wa kahawa walianza kununua sola kwa pesa zao wenyewe.

Lakini mnakumbuka kilichofuata. Watu wengi walinunua kidogo kidogo: paneli leo, betri mwezi ujao. Kile kifaa cha kusimamia chaji kiliachwa nje kwa sababu ya bei. Televisheni iliwashwa mpaka betri ikakauka, halafu ikakaa hivyo siku 2 au 3 za mawingu. Betri nyingi zilikufa mapema, na watu wakasema sola ni uongo. Sola haikuwa uongo. Ni betri iliyouawa kwa njaa.

BETRI MBILI, TABIA MBILI

Ile ya zamani ni betri ya asidi, ile nzito yenye risasi ndani. Hiyo haipendi kukaa na njaa. Ukiitumia sana na kuiacha bila kuijaza, chumvi ngumu inashika kwenye sahani za risasi na haitoki tena. Kwa hiyo sheria yake ni hii: usiitumie kupita nusu, na ijaze kabisa haraka iwezekanavyo. Ukipima na mita ikiwa imepumzika, volti 12.7 hivi imejaa, volti 12.2 hivi imefika nusu. Kama ni ya kuongezwa maji, yawe maji safi ya betri, si ya mtoni wala ya mfereji, na usiongeze asidi. Wenye betri hizi msibadilishe mazoea yenu. Mzee wetu alikuwa sawa.

Hii mpya ni ya lithiamu. Ndiyo iliyo katika simu, katika taa nyingi za sola za siku hizi, katika pikipiki na gari la umeme. Hii haitaki njaa, lakini pia haitaki kushiba kupita kiasi kila siku. Inapenda kukaa katikati.

Fikirieni kamba ya kufungia ng'ombe. Kamba inayovutwa kidogo na kuachiliwa inakaa miaka. Ile inayovutwa mpaka mwisho kila siku, nyuzi zake zinakatika moja moja, na wewe huoni mpaka siku ng'ombe anapoondoka nayo. Betri ya lithiamu ikiwa 100 kwa 100 imevutwa mpaka mwisho wa upande mmoja. Ikiwa 0 imevutwa mpaka mwisho wa upande mwingine. Ikikaa hivyo kwa muda mrefu, na tena mahali pa joto, inazeeka kabla ya wakati.

Joto ndilo adui mkubwa. Hapa ndipo mazoea ya kuanika mawe juani yanapotuponza. Tumeona mtu akiweka betri ya pikipiki juani "ipate nguvu". Jua halimpi lithiamu nguvu. Linamzeesha. Na ninyi mnaotoka sehemu za chini, Tharaka, Siakago, Kiritiri na Mwea, mjihadhari zaidi kuliko wale wa juu karibu na msitu.

NYUMBANI TUFANYEJE?

Haya ndiyo tuliyokubaliana na kile kikundi, nasi tunawapa ninyi.

1. Ikirudi, ipumzike kwanza. Mpe betri nusu saa au saa nzima kivulini kabla ya kuchaji. Iguse kwa mkono. Kama ni ya moto, ngoja. Watengenezaji wengi huonya isichajiwe ikiwa imepita digrii 45.

2. Chaji usiku au alfajiri, wakati wa baridi, si saa sita chini ya mabati. Ukiweza, panga imalizike karibu na wakati wa kutoka, isikae imejaa usiku kucha.

3. Kwa kazi ya kila siku, ikifika 80 hivi inatosha. Ijaze mpaka 100 siku ambayo safari ni ndefu, na siku hiyo utoke nayo mara moja.

4. Usingoje izime. Ikifika 20 hivi, rudi nyumbani. Yale maneno ya kumaliza betri kabisa kwanza yalitokana na aina nyingine ya betri za zamani, zile za nikeli. Lithiamu haina desturi hiyo. Kuichaji kidogo kidogo hakuiumizi, ni afadhali.

5. Kama haitatumika kwa wiki kadhaa, kwa mfano mwendeshaji ni mgonjwa, iache ikiwa nusu hivi, mahali penye baridi na pakavu. Iangaliwe kila mwezi. Usiihifadhi ikiwa tupu. Inaweza kulala isiamke.

6. Tumia chaja yake yenyewe. Chaja ya jirani yaweza kufanana kwa umbo tu na volti zikawa tofauti.

Kuna jambo moja la kuongeza, ili mtu asije akasema tumemdanganya. Betri za lithiamu nazo si aina moja. Kuna ile yenye chuma na fosfati, ambayo inavumilia zaidi kujazwa, na watengenezaji wengine wanataka ijazwe kabisa mara moja kwa wiki ili kipimo chake kisome sawasawa. Kwa hiyo someni kitabu kinachokuja nayo. Kama kimeandikwa kwa Kiingereza, mpeni mwanafunzi wa sekondari awasomee mkutanoni. Kitabu kikisema tofauti na sisi, fuateni kitabu.

MGENI AKIJA NA GARI LA UMEME

Magari ya umeme bado ni machache huku, lakini yanapita, na siku moja mtoto wa mtu atakuja nalo Krismasi kutoka Nairobi. Atafika amechoka, betri imebaki kidogo, na atauliza, "Mama, soketi iko wapi?" Ni vizuri mjue la kumjibu.

Betri ya gari si kama ya pikipiki. Ya pikipiki ni kama yuniti 3 za stima. Ya gari la kadiri yaweza kuwa yuniti 40. Soketi ya kawaida ya nyumbani, gari likivuta ampea 10, inatoa kama kilowati 2.4. Ukitoa gari kwenye 20 mpaka 80, ni yuniti 24, pamoja na kidogo kinachopotea njiani. Hiyo ni kama saa 10, usiku mzima. Basi msione haya kumwambia mgeni anunue tokeni. Si uchoyo, ni hesabu.

Kuchaji polepole namna hiyo hakuiumizi betri. Kwa kweli ni afadhali kuliko zile mashine za haraka za barabarani, ambazo ni nzuri kwa safari lakini si za kila siku, kwa sababu zinaleta joto. Hatari ya nyumbani iko kwenye nyaya. Nyumba nyingi zilivutiwa stima kwa ajili ya taa na redio tu. Waya mwembamba ukibeba mzigo huo saa 10 unapata joto, soketi inayeyuka, na moto unaanza watu wakiwa wamelala. Usitumie ekstensheni nyembamba, wala usiiache imekunjwa kama nyoka. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA aangalie kwanza.

Wanaofikiria kununua gari kuukuu la umeme tunawaambia hivi. Watengenezaji wengi hudhamini betri ya gari jipya miaka 8 au kilomita 160,000, lakini dhamana hiyo mara nyingi haivuki bahari pamoja na gari lililotumika. Zile Nissan Leaf zinazoletwa kutoka Japani hazina maji ya kupoza betri, kwa hiyo joto linaziumiza. Kwenye dashibodi yake kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Hesabu vijistari kabla ya kuhesabu pesa, kwa sababu kijistari kilichotoweka hakirudi. Na kumbukeni Nairobi mpaka Meru ni kama kilomita 230 zenye milima.

Habari njema ni kwamba gari la umeme likiteremka linarudisha stima kidogo kwenye betri. Lakini ukianza kuteremka mlima betri ikiwa imejaa kabisa, hakuna nafasi ya kuipokea. Hata hapo, kutoshiba sana kuna faida.

HESABU YA KIKUNDI

Sasa tuseme betri ya pikipiki ni shilingi 100,000. Huu ni mfano tu. Ninyi wekeni bei yenu. Ikifa baada ya miaka 2, ni lazima kikundi kiwe kimeweka kando kama shilingi 137 kila siku ili kununua nyingine. Ikikaa miaka 5, ni kama shilingi 55. Tofauti ni shilingi 82 kwa siku. Kwa mwezi inakaribia shilingi 2,500. Hiyo ni pesa ya maziwa ya mama mmoja, nayo inaliwa na joto la stoo.

Kwa hiyo tunashauri mambo 3. La kwanza, kabla ya kuweka sahihi, ulizeni betri ni ya nani. Kuna kampuni ambazo mtu anabadilisha betri kituoni na betri inabaki yao. Hapo uzee wa betri ni shida yao. Kama ni yenu, uzee ni wenu. La pili, fungueni mfuko wa betri tangu siku ya kwanza, tofauti na pesa za mkopo. La tatu, muwe na daftari. Kila siku liandikwe: imechomekwa saa ngapi, imetolewa saa ngapi, imekwenda kilomita ngapi. Kile kikundi chetu kingekuwa na daftari, kijana asingeshukiwa bure.

Pia mwaka 2023 EPRA iliweka bei ya pekee kwa stima ya kuchaji vyombo vya umeme, na ya usiku ikawa nusu ya ile ya mchana. Inahitaji mita yake, kwa hiyo si ya nyumba moja yenye pikipiki moja. Lakini vikundi 5 au 6 vya soko moja vikiungana, nendeni Kenya Power mkaulize masharti. Tunakaa karibu na maji ya Tana. Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere zimekuwa zikitoa stima kwa miaka mingi huku watu wa Mbeere wakizitazama nguzo zikipita juu ya vichwa vyao. Si vibaya nasi tukijua njia ya kuipata kwa bei nafuu.

USALAMA

Tusimalize bila haya. Usichaji betri chumba cha kulala, wala mlangoni mahali pa kutokea, wala karibu na jiko au mtungi wa gesi. Stima ikipotea, chomoa. Ikirudi, ngoja itulie kwanza. Betri iliyovimba, iliyoanguka vibaya au inayotoa harufu, iache nje mbali na nyumba, usiichaji, umwite fundi aliyefundishwa kazi hiyo. Asiifungue fundi wa redio. Ikishika moto kimbieni kwanza, mali baadaye.

Na betri ikifa isitupwe shimoni wala kupasuliwa na watoto. Huko Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru, sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu iliingia miilini mwa watu, watoto wakiwamo. Walihangaika mahakamani miaka mingi. Rudisheni betri kwa aliyewauzia, na muulize jambo hilo kabla ya kununua.

Kile kikundi bado kina betri ile ile. Nguvu iliyopotea haikurudi. Tuliwaambia wazi kwamba haitarudi. Lakini stoo wameihamisha chini ya mwembe, wameipiga dari ya makuti na kuacha dirisha pande 2. Kijana sasa anafanya safari moja, anachaji kidogo, anafanya ya pili. Mzee mweka hazina ndiye anayeshika daftari. Betri yake ya sola nyumbani bado anaijaza mpaka mwisho, na anafanya vema.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwetu tuna betri za aina gani? Kila mmoja ataje: ya asidi au ya lithiamu?
2. Ni mazoea gani ya betri tuliyorithi kwa wazazi? Ni yapi bado yanafaa, na yapi tuyaache?
3. Mahali tunapochaji pana joto kiasi gani saa sita mchana? Twendeni tukapaone pamoja.
4. Betri ikifa leo, kikundi kina pesa ya kununua nyingine? Kama hakuna, tuanze kuweka shilingi ngapi kwa siku?
5. Kuna mtu tuliyemlaumu kwa jambo lililosababishwa na kutojua? Tutampatanisha vipi?